Magari ya spoti ya bei nafuu yalinganishwe kwa gharama yote, si kwa nguvu za farasi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie namna magari ya spoti ya bei nafuu yanavyolinganishwa, magazetini na vijiweni vilevile. Ulinganisho tunaopewa mara nyingi huwa na mambo mawili tu: bei ya kununulia na idadi ya nguvu za farasi. Likipatikana gari lenye nguvu nyingi kwa fedha kidogo linatangazwa mshindi, na kijana aliyedunduliza akiba yake kwa miaka kadhaa analichukua kwa imani hiyo. Yanayofuata baadaye, yaani klachi, matairi, breki, oili, spea na ujira wa fundi, hayaandikwi popote, ingawa hayo ndiyo yatakayoamua kama gari litaendeshwa au litaegeshwa likisubiri fedha. Hoja yangu ni kwamba gari la aina hii lipimwe kwa gharama yote ya kulifikisha pale mwenyewe anapotaka lifike na kulidumisha hapo. Tukipima hivyo, orodha ya washindi inabadilika sana.

Nianze na hizo nguvu za farasi zenyewe, kwa kuwa zinaficha mengi. Chukua Suzuki Swift Sport. Toleo lililotoka mwaka 2011 lilikuwa na injini ya lita 1.6 isiyo na turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuishindilia hewa zaidi), nguvu za farasi 136 na torki ya Nm 160, yaani nyutonmita. Toleo la 2017 likaja na injini ndogo zaidi, ya lita 1.4 yenye turbo, na nguvu za farasi 140. Anayesoma safu ya nguvu za farasi peke yake ataona nyongeza ya nne tu na kudhani hakuna kilichobadilika. Lakini torki, yaani nguvu ya kuzungusha ambayo dereva huihisi anapokanyaga mafuta, ilipanda hadi Nm 230, na inapatikana tangu injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, huku uzito wa gari lenye gia za mkono kwa soko la Japani ukishuka hadi kilo 970. Dereva anayetaka kulipita lori mlimani hahitaji tena kurudisha gia mbili na kusubiri injini ipande juu ndipo ipate nguvu. Haya ni magari mawili yenye tabia tofauti kabisa, na jedwali la nguvu za farasi linayaonyesha kama pacha.

Mfano mwingine ni wa magari mawili ambayo watu hupenda kuyashindanisha: Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba, iliyotoka na nguvu za farasi 220, na Toyota 86 ya mwaka 2012, yenye nguvu za farasi 200. Ukigawa uzito kwa nguvu, Golf yenye takriban kilo 1,350 na 86 yenye takriban kilo 1,240 zinakaribiana mno, kila moja ikibeba kilo sita na kitu kwa kila nguvu moja ya farasi. Hata hivyo takwimu za watengenezaji zinaonyesha Golf ikifika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 6.5 na 86 kwa sekunde 7.6. Sababu kubwa ni torki. Golf inatoa Nm 350 tangu mizunguko 1,500 hivi, ilhali 86 ina Nm 205 tu, tena kwenye mizunguko zaidi ya 6,000, na kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 torki yake inalegea waziwazi, jambo ambalo wamiliki wake wamelilalamikia tangu mwanzo. Toyota walilijua hilo, kwani katika kizazi cha pili injini ilikuzwa kutoka lita 2.0 hadi 2.4, torki ikafika Nm 250 kwenye mizunguko 3,700, na ule ulegevu ukaondoka kwa kiasi kikubwa.

Kwa hiyo nakubali bila kigugumizi kwamba anayetaka mwendo wa barabara iliyonyooka kwa gharama ndogo achukue gari la turbo. Hapo hakuna ubishi. Injini yenye turbo inaongezwa nguvu kwa kubadilisha programu ya kompyuta yake, bila kufungua boliti hata moja; injini ya hiyo Golf inavuka nguvu za farasi 280 kwa njia hiyo, na gharama ya kazi hiyo kwa kila nguvu ya farasi iliyoongezeka ni ndogo kuliko ya njia nyingine yoyote. Turbo ina faida nyingine isiyotajwa mara kwa mara: injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi, na turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Mtu anayeishi nyanda za juu akisoma jedwali lililopimwa pwani anasoma habari za gari ambalo hatalipata.

Ubishi wangu unaanzia siku ya pili, baada ya programu mpya kuwekwa. Klachi ya kiwandani ilitengenezwa kwa ajili ya torki ya kiwandani, ikiongezwa akiba kidogo. Dereva anaingia gia ya tatu au ya nne, anakanyaga mafuta hadi mwisho, na mshale wa mizunguko unaruka kutoka 3,000 hadi 4,500 huku mshale wa mwendo ukisuasua; kisha harufu ya kuungua inaingia ndani. Klachi inateleza. Kuibadilisha si kununua kipande cha duara tu, kwa maana giaboksi lazima ishushwe, na mara nyingi gurudumu zito la injini linabadilishwa papo hapo. Giaboksi ya klachi mbili yenye gia sita, ambayo ilifungwa kwenye GTI nyingi za miaka hiyo, ilikadiriwa na Volkswagen wenyewe kubeba Nm 350, kiasi ambacho injini ilikuwa imeshakifikia kabla hata haijaguswa. Hivyo ile kazi iliyoonekana rahisi inazaa ya pili, na ya pili inazaa ya tatu: kipoza hewa kikubwa zaidi kwa sababu hewa iliyoshindiliwa inapata joto, plagi za kiwango kingine, mafuta yenye oktani ya juu kila unapojaza tangi. Hiyo ya mafuta haina mwisho, na ni kosa kubwa kuiacha nje ya hesabu. Programu iliyopangwa kwa oktani ya juu ikilishwa mafuta duni, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Kompyuta inapunguza nguvu ili kuiokoa injini, na isipowahi, pistoni ndizo zinazoumia. Injini za Subaru za lita 2.5 zenye turbo zinajulikana kwa udhaifu huo, pistoni zikipasuka kwenye kingo zinazoshika ringi, hasa zikiongezewa shinikizo bila uangalifu.

Sasa tutazame upande wa injini zisizo na turbo. Hapa ndipo fedha nyingi za vijana zinapotea, na inaniuma kuona hivyo. Kichujio cha hewa cha wazi, egzosti pana na kelele nyingi huleta ongezeko dogo mno kwenye injini ambayo kiwanda kimeshaikamua. Honda Civic Type R ya mwaka 1997 ilitoa nguvu za farasi 185 kutoka lita 1.6 bila turbo, ikizunguka hadi mizunguko 8,200 kwa dakika ili kuzipata. Toyota Altezza ya RS200, iliyotoka mwaka 1998, ilitoa 210 kutoka lita 2.0 kwa toleo la gia za mkono. Wahandisi waliofika hapo hawakuacha nguvu nyingi zizagae kwenye bomba la moshi zikisubiri fundi wa mtaani. Toyota 86 ikibadilishiwa mabomba ya kutolea moshi pamoja na programu hupata nyongeza ya kiasi tu, na faida yake kubwa ni kujaza ule ulegevu wa katikati nilioutaja. Kuifungia turbo inawezekana, lakini uwiano wa mgandamizo wa injini yake, yaani kiasi ambacho pistoni inaibana hewa ndani ya silinda, ni 12.5 kwa 1, ambao uko juu sana kwa injini ya kushindiliwa hewa, kwa hiyo kazi hiyo inadai mafuta mazuri, fundi makini wa programu na kiasi katika shinikizo, la sivyo konrodi, yaani fito zinazoshika pistoni, zinaweza kupinda. Gharama yake yote inaweza kutosha kununua gari jingine lenye nguvu zaidi tangu kiwandani, na hilo ni jambo la kumwambia mnunuzi kabla hajanunua.

Je, gari jepesi lisilo na turbo halina nafasi? Linayo, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili kushinda kwa mtu mwenye kipato cha kawaida anayependa kuendesha, kwa sharti kwamba asitafute mwendo wake kwenye injini. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 1989, ilikuwa na injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 115 hivi, ikiwa na uzito wa chini ya tani moja. Kwa jedwali la nguvu za farasi ni gari la mwisho kabisa. Lakini tairi lake ni la vipimo 185/60 (upana wa milimita 185, na kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo) kwa ringi ya inchi 14, wakati Golf niliyoitaja huvaa 225/45 kwa ringi ya inchi 17, au hata inchi 18. Muuza matairi yeyote atakuambia bei inavyopanda kadiri ringi inavyopanuka. Gari jepesi linakula matairi polepole, linakula pedi za breki polepole, na kwa sababu linasukumwa na magurudumu ya nyuma na kugeuzwa na ya mbele, kazi inagawanywa. Katika gari lenye nguvu nyingi linalosukumwa na magurudumu ya mbele, matairi mawili ya mbele ndiyo yanayovuta, yanayogeuza na kubeba sehemu kubwa ya breki, nayo huisha mapema huku ya nyuma yakibaki karibu mapya.

Kuna jambo moja katika MX-5 hizo za kwanza ambalo nalipenda hasa, na linaonyesha vizuri tofauti ninayoizungumzia. Chini ya gari, kwenye mikono inayoshika magurudumu, mbele na nyuma, kuna boliti zenye vichwa visivyo sawa pande zote, ambazo zikizungushwa kidogo hubadilisha mlalo wa gurudumu. Fundi mwenye mashine ya alaimenti anaweza kuyalaza magurudumu kwa ndani kwa kadiri inayotakiwa, na gari likageuka kona kwa mshiko ulio bora waziwazi, bila kununua kifaa chochote. Malipo ni ya alaimenti ya kawaida. Kwenye Golf, kama ilivyo kwa magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya mbele, mlalo wa mbele karibu haurekebishiki bila kununua vipande vipya. Sijaona jedwali la gharama za kuboresha gari likitaja jambo hili, ilhali kwenye kona faida yake inazidi ya egzosti yoyote.

Matairi ndiyo maboresho ya kwanza kwa gari lolote, liwe na turbo au lisiwe nayo. Toyota 86 ya kwanza ilitoka kiwandani, katika masoko mengi, ikiwa na matairi ya Michelin Primacy HP ya upana wa milimita 215, aina ileile iliyofungwa kwenye baadhi ya Toyota Prius. Watengenezaji walifanya hivyo makusudi, ili gari liteleze kwa urahisi na dereva alifurahie kwenye mwendo wa chini. Maana yake ni kwamba mmiliki akifunga matairi yenye mshiko mkubwa zaidi, gari lake litapata mwendo wa kona ambao halikuwa nao, na umbali wa kusimama utapungua, kabla hajagusa injini. Ndiyo maana ulinganisho wa magari mawili yaliyovaa matairi ya viwango tofauti haunishawishi kabisa, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachopimwa hapo ni mpira.

Baada ya matairi ni breki, na hapa naomba nisikilizwe na kila anayepanga kuongeza nguvu. Nishati ambayo breki inapaswa kuimaliza hukua kwa mraba wa mwendo: gari linalosimama kutoka kilomita 140 kwa saa lina karibu mara mbili ya nishati ya gari lilelile likisimama kutoka 100. Nishati yote hiyo inageuka joto kwenye diski na pedi, na joto linapita hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya kiwango cha DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, na ya DOT 4 chini ya 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya, viwango vya chini vinavyokubalika ni nyuzi 140 na 155. Gari lililoongezwa nguvu, lenye mafuta ya breki yaliyokaa miaka bila kubadilishwa, likishuka mlima mrefu kwa kasi, pedali huanza kuwa laini, kisha inazama hadi sakafuni, kwa sababu ndani ya bomba kuna mvuke, na mvuke unabanika. Kubadilisha mafuta hayo na kufunga pedi zinazostahimili joto ni miongoni mwa gharama ndogo kabisa katika orodha nzima. Inasikitisha kuona mtu anayalipia mabomba ya moshi yanayong'aa huku mafuta ya breki kwenye chupa yamegeuka rangi ya chai.

Kuhusu shokapu na springi nitasema jambo moja tu kwa mkazo: springi zisikatwe. Springi iliyokatwa inamnyima gurudumu nafasi ya kupanda na kushuka, gari linagonga vizuizi vya mpira kwenye kila bonde, na gurudumu linaloruka halina mshiko. Gari linaonekana la mashindano likiwa limeegeshwa, na barabarani linakuwa duni kuliko lilivyotoka kiwandani. Asiye na fedha za shokapu bora abaki na za kiwandani zilizo nzima pamoja na bushi mpya, naye atakuwa mbele ya wengi.

Linabaki suala la umri, ambalo kwa magari ya bei nafuu ndilo kubwa kuliko yote, maana unafuu wa bei mara nyingi unatokana na kwamba gari limetumika. Golf GTI ya kizazi cha tano, yenye nguvu za farasi 200, leo inapatikana kwa bei inayovutia, na injini yake ya turbo inakubali programu mpya vizuri. Lakini injini hiyo ina kifuniko kidogo cha chuma kati ya kamshafti (shafti inayofungua vali) na pampu ya mafuta ya shinikizo, nacho huchakaa. Kipande chenyewe ni cha bei ndogo na kukikagua ni kazi fupi; kikitoboka bila mwenye gari kujua, pampu na kamshafti vinaharibika pamoja, na bei iliyovutia inasahaulika. Injini hiyohiyo, kwa kuwa hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hukusanya masizi kwenye vali za kuingizia hewa, ambayo lazima yasafishwe. Katika Subaru za turbo za zamani cha kuangaliwa ni mkanda wa taimingi, unaolinganisha mwendo wa vali na wa pistoni, ambao ukikatika vali na pistoni hugongana. Gari la namna hii linahitaji kwanza kurudishwa kwenye afya ya kiwandani, na gharama hiyo inapaswa kuandikwa juu kabisa ya orodha, kabla ya kitu chochote kinachoitwa uboreshaji. Programu mpya ikiwekwa juu ya injini inayovuja shinikizo inaharakisha tu uharibifu uliokuwa unakuja.

Tena kuna gharama za karatasi. Kampuni ya bima ikigundua baada ya ajali kwamba gari lilibadilishwa na haikuarifiwa, inaweza kukataa kulipa. Dhamana ya kiwandani, kwa gari jipya, inaweza kukataliwa kwa sehemu iliyoguswa. Na siku ya kuuza, fedha zilizoingia kwenye maboresho kwa kawaida hazirudi, ilhali gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani ndilo linalotafutwa. Civic Type R ya 1997 niliyoitaja, ikiwa haijaguswa, sasa inanunuliwa na wakusanyaji kwa bei ambayo imeiondoa kabisa katika kundi la magari nafuu. Mwenye busara huyahifadhi yale aliyoyafungua ili ayarudishe.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu kwa waandishi wako wa safu ya magari ni hili. Watakapolinganisha tena magari ya aina hii, wayapime yakiwa na matairi ya kiwango kimoja, kwenye barabara yenye kona na mteremko na si kwenye mstari ulionyooka peke yake, na waeleze kipimo kilifanyika kwenye mwinuko gani. Kando ya nguvu za farasi waandike torki na mizunguko inayoipata, pamoja na uzito. Halafu waandike gharama kama fundi angeiandika kwenye karatasi: kulinunua, kulirudisha kwenye afya, seti ya matairi na pedi, mafuta ya oktani inayotakiwa kwa mwaka, uboreshaji mmoja wa injini pamoja na klachi na vipoza unavyovidai, na bima baada ya kuarifiwa. Bei hizo hazina siri, kwani wauza spea na mafundi watazitoa wakiulizwa, na wasomaji wako wanaokaribia kutoa akiba yao wanazihitaji kabla ya siku ya kununua.

Wako,
Msomaji na mpenzi wa magari mepesi